Wazazi, Waonyesheni Watoto Njia Mliyopita

Mavuno ya mpunga yaishapo katika bonde la Kilombero, watu hurudi nyumbani. Njia ziingiazo Ifakara hujaa magunia, mikeka, masufuria na kuku, na watoto wachanga mgongoni mwa mama zao. Ndiyo majira ya furaha, tena ndiyo majira ya sherehe: wengine hubatizwa, wengine hupokea Komunio ya kwanza au Kipaimara, na vijana hufunga ndoa. Twawapongeza wote. Walakini liko neno moja tupendalo kuwaambia wazazi Wakristo, nao wasitukasirikie.

Sote twaijua kazi ya mpunga. Mashamba mengi yako mbali na mji. Mwenye shamba hana budi kujenga kibanda huko na kukaa miezi kadhaa, apalilie, kisha aamie ndege mpaka siku ya kuvuna. Watoto wa shule hubaki mjini, pengine pamoja na bibi, pengine pamoja na dada yao mkubwa, ambaye naye ni mtoto. Hatuwalaumu wazazi kwa kutafuta riziki. Twasema hivi tu: miezi ya kutokuwapo hailipwi kwa karamu ya siku moja. Kumbe wengi hujaribu kuilipa hivyo. Mpunga huuzwa, turubai na viti hukodiwa, mpiga picha huitwa, na zisipotosha fedha hukopwa. Kesho yake mtoto anazo picha zake katika nguo nyeupe, lakini hajui babu yake alibatizwa wapi, wala wazazi wake walifungia ndoa kanisa gani, wala shamba lililomnunulia nguo ile liko upande gani wa mto.

Tutazame Maandiko Matakatifu. Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani, Mungu alimwagiza Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, na kila mmoja achukue jiwe katikati ya mto. Mawe hayo yalisimamishwa Gilgali, si kwa kupamba mahali, bali ili watoto wayaone, waulize maana yake, na baba zao wawajibu. Angalieni basi: mawe yale hayakuwa na bei sokoni. Thamani yake ilikuwa katika mzazi awezaye kusimulia. Mzazi akinyamaza, jiwe ni jiwe tu.

Sisi nasi tunao mto wetu. Miaka mingi mtu aliyetoka Mahenge au Malinyi kwenda Ifakara alingoja kivuko ukingoni, awe mwenye mzigo wa mpunga au mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Januari 2016 kivuko kilipinduka kwa dhoruba, kikiwa na watu na magari. Leo liko daraja la mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Tumshukuru Mungu kwa daraja hilo. Lakini gari lapita upesi, na mtoto aliyesinzia hajui kwamba amevuka mto. Mzazi, mwamshe! Mwambie, "Hapa ndipo tulipongoja sisi, na Mungu akatuvusha." Anayetoka Mikumi naye, aionapo milima ya Udzungwa upande wa kuume, amwonyeshe mwanawe mashamba ya miwa ya Kidatu, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kama babu alishika sururu katika kazi hiyo, mtoto alijue jambo hilo kinywani mwa baba yake.

Hata kanisani yako mambo ya kusimulia. Mtoto aliyebatizwa baada ya mwaka 2012 amebatizwa katika Jimbo la Ifakara. Baba yake, pengine katika parokia ile ile, alibatizwa ilipokuwa ya Jimbo la Mahenge. Basi mchukueni mtoto mpaka penye kisima cha ubatizo, mkamwonyeshe mahali alipofanywa mwana wa Mungu.

Wala msisimulie yaliyo matamu peke yake. Israeli hawakuwaficha watoto wao utumwa wa Misri. Yuko ndugu aliyezikwa angali mchanga. Uko mwaka wa mafuriko uliochukua mpunga wote. Uko ugomvi wa jamaa uliokwisha kwa kusameheana. Mtoto asiyejua kwamba wazazi wake waliwahi kulia na kufarijiwa, siku yake ya kulia atadhani yu peke yake.

Tukumbuke Jamaa Takatifu. Kila mwaka Yosefu na Maria walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, na Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili walikwenda naye. Walimtafuta siku tatu kwa uchungu mwingi, na mama yake akayahifadhi yote moyoni. Kama moyo huo usingaliyahifadhi, ni nani angalitusimulia? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliyaita makao ya jamaa Kanisa la nyumbani, ambamo wazazi ni watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao.

Basi twawaomba mambo matatu. Kwanza, likizo ifikapo, mchukueni mtoto shambani, alale kibandani ndani ya chandarua, aone jasho limlishalo. Pili, kabla ya sherehe yo yote, mfikisheni kwenye makaburi ya wazee, msali pamoja. Tatu, punguzeni karamu, msiingie deni. Na wageni wakiisha kuondoka, jamaa wakae pamoja, wasali, na aliye mkubwa asimulie.

Asiye na nauli asiseme hawezi. Maneno hayalipiwi nauli. Lakini wazee hawakai nasi milele, na mtoto naye hakai mtoto. Asimulie leo mwenye kujua, kabla hajabaki mtoto na swali lake bila wa kumjibu.