Haki ya Zamu
Mwanafunzi anayeunda mfumo endeshi sahili, yaani programu inayozigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa kichakataji, hukabiliwa na swali la kale la wanafalsafa: je, haki ni kugawa sawa au kugawa kwa kadiri ya haja? Linus Torvalds, muundaji wa mfumo endeshi wa Linux, alipokuwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, alianza kwa kupokezanisha kazi mbili, moja ikiandika herufi A na nyingine B. Lakini baadhi ya kazi zikipewa kipaumbele, kazi zisizo nacho huweza kungoja bila kikomo, hali ambayo wataalamu huiita njaa. Wakulima wa mboga wa Lushoto, Tanzania, wanaopokezana maji ya mfereji mmoja wakati wa kiangazi, huijua mizani hiyo ya usawa na haja. Lakini mkulima aliyenyimwa hudai haki yake, ilhali programu hainung'uniki, na kwa hiyo wajibu wote humwelemea mgawaji.