Anayekiomba Kiti cha Hukumu

Katika dhamana zote ambazo wanadamu hukabidhiana, sijui iliyo nzito kuliko ya mtu kumhukumu mwenzake kwa kosa la jinai, akamtoza faini, akamfunga au akamwachia aende zake. Na kwa ajili ya uzito huo wanavyuoni wa Kiislamu hawakutosheka kuzipima sifa za kadhi, walitaka pia kujua amekifikiaje kiti chake. Imepokewa kwamba Mtume alimwusia sahaba wake Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwa kuwa mwenye kuupata kwa kuuomba huachiwa nao peke yake, ilhali mwenye kupewa bila kuomba husaidiwa. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliukataa ukadhi aliotakiwa na Khalifa al-Mansur. Husimuliwa kwamba alisema hafai, na Khalifa alipomwambia kuwa amesema uongo, alijibu kuwa basi Khalifa mwenyewe amekwisha kuthibitisha, maana mwongo hafai kuwa kadhi. Lakini Kurani tuisomayo inatupa habari za Nabii Yusuf, ambaye alimwomba mfalme wa Misri amsimamishe juu ya hazina za nchi, akataja uaminifu wake na elimu yake. Ni vipi, basi, ombi liwe aibu kwa mmoja na sifa njema kwa mwingine?

Swali hili si la vitabuni tu. Huko Uingereza na Wales, katika mahakama ambamo karibu kesi zote za jinai huanzia, na zaidi ya tisa katika kila kumi humalizikia humo humo, aghalabu huketi mahakimu wasiosomea sheria wala kupokea mshahara: mwalimu, muuguzi, mwenye duka, mstaafu, kila mmoja akitoa siku zisizopungua 13 kwa mwaka. Asili yao hutajwa kuwa sheria ya mwaka 1361, zama za Mfalme Edward III, nao wangali wakiitwa Waamuzi wa Amani. Huketi watatu kwa kawaida, na mbele ya meza yao huketi mshauri mjuzi wa sheria, awaelezaye sheria inasema nini lakini asiye na kura katika hatia wala katika adhabu. Wanapoinuka kwenda faraghani, kura ya mwenyekiti ni sawasawa na kura ya kila mwenziwe. Wakikhitilafiana, wawili humshinda mmoja, kisha uamuzi husomwa kuwa wa wote, na mshitakiwa hapati kujua kama yuko aliyekuwa upande wake.

Kwa karne nyingi hapakuwa na ombi lolote, kwa kuwa kiti kilimfuata mwenye ardhi. Sharti la mali halikuondolewa mpaka mwaka 1906, na majina yalipendekezwa na wakuu wa majimbo ambao waliwajua watu wa tabaka lao na wa chama chao. Manung'uniko yalipozidi iliundwa Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti yake mwaka 1910, na baada yake zikawekwa kamati za kushauri uteuzi, ingawa majina ya wajumbe wake yalifichwa hata kufikia miaka ya 1990. Wanawake hawakuwa na njia yoyote mpaka sheria ya mwaka 1919, ambayo kwayo Ada Summers, meya wa Stalybridge, aliapishwa akawa wa kwanza kuketi. Nayasema haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba zamani zile, ambapo mtu aliitwa tu bila kuomba, zilikuwa safi kuliko zetu. Mimi sizioni hivyo. Mwenye kuitwa bila kuomba aliitwa kwa kuwa alijulikana na wakubwa, na fundi mwadilifu wa mtaa wa nyuma, asiyejulikana nao, hakuitwa milele.

Leo mlango ni ombi. Mtu yeyote wa umri wa miaka 18 hadi 74 aweza kuandika kujitaja mwenyewe, na sheria humruhusu kuhudumu hata atimize miaka 75. Hutakiwa kwanza kwenda mahakamani kuketi pamoja na wasikilizaji, ayaone anayoyaomba. Kisha huitwa mbele ya kamati ya wilaya, na miongoni mwa maswali liko moja ambalo huulizwa kila mwombaji, kama lipo jambo lolote katika maisha yake, ya faragha au ya kazi, ya sasa au yaliyopita, hata katika aila yake na rafiki zake wa karibu, ambalo likidhihirika litamvunjia heshima yeye au kiti. Swali hili nimelirejea mara nyingi katika fikra zangu, kwa kuwa humgeuza yule anayetaka kuhukumu akawa kwanza ndiye mwenye kuhojiwa. Mahakama za makadhi zilikuwa na desturi inayolingana nayo, pale ambapo uadilifu wa shahidi ulichunguzwa kwa watu wanaomjua kabla ya maneno yake kukubaliwa.

Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo habari za Yusuf zinapofunuka. Mfalme alipotuma mjumbe kumtoa gerezani, alikofungwa kwa kusingiziwa, hakutoka. Alimrudisha mjumbe na sharti kwamba kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono, na ni baada ya wao kukiri na jina lake kusafika ndipo alipofika mbele ya mfalme akaomba. Ombi lake lilitanguliwa na uchunguzi ambao yeye mwenyewe aliudai, naye alikuwa ameuonja ufungwa kabla hajashika mamlaka. Usia kwa Abdurrahman nao unaonya juu ya kuachiwa dhamana peke yake, na kweli ni hatari kubwa mwenye tamaa ya kiti kuachiwa peke yake. Ndiyo sababu nawasifu Waingereza kwa kumweka mwombaji kati ya wenzi wawili wenye kura sawa na yake, na mshauri wa kumkumbusha sheria, kuliko ninavyowasifu kwa kutomlipa. Kumnyima mshahara huzuia tamaa ya mali, lakini tamaa ya jaha haizuiliki kwa njia hiyo, na mtu aweza kulipenda jina la hakimu kuliko fedha.

Upo upande wa pili, nao hunitia khofu zaidi. Mahakimu hao walikuwa kama 25,000 mwaka 2012, na kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepungua hata chini ya 13,000. Mafakihi walisema kwamba pale ambapo anayefaa kwa ukadhi ni mmoja tu, kuutaka huwa ni wajibu juu yake, na taqwa yake haimpi udhuru. Mcha Mungu akikaa nyumbani kwa kujiona hastahili, kiti hakibaki kitupu.

Kwetu, Kenya iliwaondoa wazee wa baraza, raia waliomshauri jaji, katika kesi za jinai mwaka 2007. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1984 iliwapa wazee wa mahakama ya mwanzo kura katika hatia na katika adhabu, wakaweza kumshinda hakimu kwa wingi wa kura zao. Kura ya namna hiyo hufunga mtu. Kwa hiyo nawasihi wenye dhamana ya kuwateua: kabla mzee hajaapishwa, jina lake litangazwe mtaani kwake, msikitini na kanisani, na majirani zake, pamoja na wanawake na maskini waliopata kufanya naye muamala, wapewe siku za kutosha za kusema wanalolijua.