Haja ya Fundi

Kikombe kilikuwa cha bati, cha bluu, na kilikaa juu ya benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa saba mchana nilipita nikitafuta penseli yangu, nikaona maji yamejaa mpaka ukingoni kama yalivyomiminwa, na juu yake umetanda utando mwembamba wa vumbi la mninga. Binti aliyekuwa akijifunza useremala kwangu alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, jasho likimtiririka shingoni. Ilikuwa Januari, na Morogoro mwezi huo, chini ya paa la bati, joto halina huruma.

"Mbona hunywi maji, mwanangu?"

"Nitakunywa nikifika nyumbani, baba."

Nikaridhika na jibu lile. Usiku nikamsimulia mke wangu, kama mtu anavyosimulia mambo madogo ya mchana, naye akaniangalia kwa muda kabla ya kujibu. "Atakunywaje? Akishakunywa ataenda wapi?"

Karakana yangu iko uani kwangu, na wakati ule ilikuwa na miaka minane. Vijana wa kiume walizunguka nyuma ya migomba wakamaliza shida yao, au wakaenda mpaka msikiti wa mtaa wa pili. Choo cha nyumba kipo ndani. Ili kukifikia, mtu avue viatu, ajikung'ute vumbi, apite sebuleni mbele ya mama mkwe wangu na wageni wake, kila mmoja akijua anakokwenda na amekaa huko muda gani. Sikumkataza mtu hata siku moja. Nilidhani kutokataza kunatosha.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: nilipojenga karakana, nilimjengea nani? Nilinunua jiliwa nzuri, misumeno, miwani ya kukinga macho. Nilitoboa dirisha upande wa mashariki ili mtu aone mstari wake bila kuinama. Mikono niliipatia mahali, na macho niliyapatia mwanga. Mwili uliobaki, ule unaokunywa na kutoa, unaoumwa tumbo, niliuacha nje ya ukuta kana kwamba fundi huja kazini bila huo. Niliajiri mikono, nikasahau kwamba mikono huja na mtu.

Jambo hili Kiswahili kinalifahamu kwa kina. Tunasema mtu amekwenda haja, na neno hilohilo tunalitumia katika dua: Mungu akutimizie haja zako. Tunasema amekwenda kujisaidia, na ukilitafakari neno hili utaona uzito wake, kwa sababu hapo msaidiwa na msaidizi ni mtu mmoja. Anayelazimika kuomba ruhusa, kusubiri wageni waondoke au kuhesabu nani amekaa sebuleni, huyo hajisaidii. Anasaidiwa, tena kwa hisani. Kuna pia neno msala. Ni mkeka wa kusalia, na ukiongeza herufi mbili mwishoni, msalani, umetaja mahali pa haja, ambapo watu wa pwani hutawadha kabla ya kusimama kwenye mkeka ule. Sioni aibu yoyote maneno haya kukaa jirani. Pote pawili mtu hawezi kumtuma mwenzake amwendee. Tajiri ana watu wa kumpikia, kumfulia na kumwendesha, lakini huko huenda mwenyewe, sawa na kijana anayemfagilia ua.

Kwa hiyo nikaamua kujenga. Fedha niliyokuwa nayo nilikuwa nimeitenga kwa mashine ya kuranda, na rafiki yangu mmoja alishangaa kweli. Mashine ingenirudishia fedha, choo kitanirudishia nini? Swali lake lilikuwa la haki, na jibu sikulipata upande wa faida. Nililipata nikimtazama binti yule akimalizia kiti. Kiti ni kitu cha kuupumzisha mwili wa mtu. Hatuna sababu nyingine ya kukitengeneza. Sasa aliyekuwa akikitengeneza alikuwa amebana mkojo tangu asubuhi, mdomo umemkauka, ili mtu asiyemjua akae kwa raha. Sikuweza tena kukiuza kiti kama hicho na kukiita kazi nzuri.

Nilidhani ni suala la kuunganisha bomba kwenye chemba ya nyumba, basi. Fundi bomba akatandaza uzi, akaweka pima maji, akatikisa kichwa. Nyumba zetu huku chini ya Uluguru zimekaa kwenye mteremko, na karakana iko chini ya chemba kwa zaidi ya mita moja. Bomba la inchi nne hutaka lishuke kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na maji machafu hayapandi mlima kwa ajili ya mtu. Ikabidi lichimbwe shimo jipya, chini zaidi. Hapo tukakutana na kisima cha jirani. Wanaojua kazi hii hushauri mita 30 kati ya shimo na kisima, na lisiwe upande wa juu wake. Tulipima kwa futi kamba, tukahamisha alama mara mbili, jirani mwenyewe akishika ncha moja. Sijapata kuona waziwazi kama siku ile jinsi haja ya mtu mmoja inavyopita chini ya ardhi mpaka kwenye ndoo ya mwingine. Juu ya ardhi tuna ukuta kati yetu. Huko chini hakuna.

Kitu kilichonigusa zaidi katika ujenzi wote ni ile shingo iliyopinda chini ya sinki la choo. Ukimwaga maji, machache hubaki pale kwenye kona, na hayo machache huziba njia ili harufu isirudi. Ni maji tu, kiasi cha kikombe kimoja au viwili, ndiyo yanayokaa kati ya mtu na shimo. Mwaka 1775 Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi wa saa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo. Nafurahi kwamba alikuwa fundi wa mkono, mtu wa benchi na vifaa vidogo kama sisi.

Mlango nilimwachia binti autengeneze. Nilimpa mbao za mkangazi zilizobaki baada ya kutengeneza kabati la mteja, nikatarajia atamaliza kwa siku moja. Alichukua tatu. Aliziba nyufa ambazo mimi sikuziona. Alikuwa akiingia ndani, anafunga, anatafuta mwanga unapopenya, anatoka na patasi. Kisha akaniuliza komeo likae kimo gani. Nikamwambia aamue mwenyewe. Alilifunga kwa skrubu nne, akalisukuma na kulirudisha mara nyingi, na ule mlio wake mdogo wa chuma, nikausikia nikiwa nimesimama nje, ukanifundisha maana ya faragha kuliko kitabu chochote. Komeo lililo upande wa ndani ni mamlaka. Mwenye karakana akibisha, atasubiri.

Baadaye nilifungua daftari langu la mahudhurio. Kila mwezi alikuwa na siku mbili au tatu za kutokuja, zikifuatana, na mbele yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: utoro. Mwanamume mtu mzima, mwenye mke na mabinti, na sikuwahi kuuliza mwezi una nini. Nililifuta neno lile. Tangu choo kianze kutumika, na ndani yake kuna ndoo ya maji, sabuni na pipa lenye mfuniko, siku hizo haziko tena daftarini.

Najua haya si mageni. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu, na tarehe 19 Novemba imewekwa kuwa Siku ya Choo Duniani. Hapa Tanzania tumekuwa na kampeni ya Nyumba ni Choo, na msanii Mrisho Mpoto aliibeba kwa sauti yake mpaka watoto wakaijua. Mimi niliisikia redioni, karakanani, randa ikiwa mkononi, nikakubali kwa kichwa, kwa sababu nyumba yangu ina choo. Neno nyumba lilinitosha. Sikufikiri kwamba watu sita hukaa uani kwangu saa tisa kwa siku, muda mrefu kuliko ninavyokaa mimi sebuleni kwangu.

Wewe mwenye cherehani barazani, mwenye gereji chini ya mwembe, mwenye saluni kwenye chumba cha mbele: kesho saa saba mchana, angalia vikombe vya watu wako.