Mlango Mbovu na Abiria wa Lifti

Kila baridi inapoingia huku kaskazini mwa Marekani huonekana magari ya wenzetu yenye mlango uliofungwa kwa kamba. Mlango haushiki, ukiuvuta unarudi. Bei ya gereji inatosha kuwanunulia watoto mabuti, basi kamba inazungushwa kwenye kiti na safari inaendelea.

Ninachouliza ni hiki: ukimpa mtu lifti katika gari hilo ukamwambia "usiegemee mlango", umeshatimiza wajibu wako?

Wako wasemao ndiyo: ni mtu mzima, ameambiwa, amepanda kwa hiari yake. Siafikiani nao. Mgeni aliyefika juzi, anayekutegemea kufika kazini zamu ya usiku, ana hiari gani? Abiria wa daladala akiona mlango wa waya anaweza kuteremka, nauli yake inampa sauti (ingawa wengi wetu hatukuteremka, tuseme kweli). Wa lifti atajibu "haina neno, kaka". Hiyo ni adabu, na adabu ya mtu si ruhusa ya kumhatarisha.

Tena ugonjwa wenyewe mara nyingi si mkubwa. Ndani ya kitasa mna ulimi wa chuma unaozunguka na kuikamata pini iliyo kwenye nguzo ya mlango. Grisi ya zamani ikichanganyika na vumbi, baridi huigandisha, ulimi ukawa mzito. Puliza mafuta ya kusafishia, futa uchafu, paka grisi mpya. Kisha mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili. Vuta mkono wa mlango uufungue kabla hujaubamiza, la sivyo utagonga pini.

Hiyo mara mbili ndiyo penye hoja yangu. Kitasa kina hatua mbili za kushika. Kanuni ya usalama namba 206 ya serikali kuu ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1968, inataka kitasa kilichoshika kikamilifu kihimili nguvu ya nyutoni 9,000 inayousukuma mlango kwenda nje, yaani kama uzito wa kilo 900. Kikiwa kwenye hatua ya kwanza tu, kinatakiwa kuhimili 4,500. Kwa macho milango yote miwili imefungwa! Fundi wa nyumbani akiridhika na mlio mmoja, abiria wake hawezi kujua. Anayejua ni yule aliyeshika bisibisi, na kwa kuwa anajua peke yake, jukumu ni lake peke yake.

Sisemi watu wanyimane lifti, huku tutafika wapi bila kubebana? Ila kama kitasa kimekataa grisi, kinahitaji kingine, na hata cha gari chakavu kitafaa kikiwa kizima. Hadi kipatikane, kiti cha upande huo kikae mabegi.