Hofu ya Kufichuliwa

Iko hofu moja inayowajia watu wasio na hatia, nayo ni hofu ya kukamatwa. Mwizi akiiona si ajabu. Lakini hapa twasema juu ya kijana aliyesoma kwa haki, akafanya mitihani kwa haki, akapewa kazi kwa haki, na bado kila asubuhi, afunguapo mlango wa ofisi yake, moyo wamwambia: Leo watakujua. Watajua kwamba hukustahili kiti hiki, na kwamba waliokuchagua walikosea.

Akisifiwa, husema kimoyomoyo kwamba wanaomsifu hawajamwona bado jinsi alivyo. Akifaulu, husema ni bahati. Akikosea, husema ndivyo alivyo. Mambo yake yamekuwa kama daftari la duka lililoandikwa kwa upotovu: mapato yote yametiwa jina la bahati, na hasara zote zimetiwa jina lake mwenyewe. Kwa hesabu ya namna hii, hata afanye kazi miaka kumi, hawezi kamwe kuona faida.

Walio wengi wenye hofu hiyo hudhani ni fedheha yao peke yao, kwa hiyo huificha. Lakini mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes, wataalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, Marekani, walichapa habari za wanawake zaidi ya 150 waliosoma sana na kusifika katika kazi zao, ambao hata hivyo waliamini kwamba wamewalaghai waliowapima. Hapo kwanza ilidhaniwa kuwa ni taabu ya wanawake hasa; baadaye ilionekana kwa wanaume vilevile. Mwaka 2020 yalitolewa mapitio ya uchunguzi 62, wenye watu zaidi ya 14,000. Idadi ya wenye hofu hiyo ilitofautiana sana, toka 9 hadi 82 katika kila mia, kwa kadiri ya kipimo kilichotumiwa na watu waliopimwa. Tofauti kubwa hivi yatuonya tusishikilie hesabu moja. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba anayeogopa hivyo hayuko peke yake. Tena hofu hii haimo katika kitabu ambacho waganga wa Marekani hupambanua kwacho magonjwa ya akili.

Basi, kama si ugonjwa, ni nini? Sisi twaona kwamba ni swali la ukweli, na kwa hiyo ni swali la maadili. Yafaa tulichungue kwa utaratibu.

Kwanza tuulize: je, kijana huyu ni mdanganyifu? Kudanganya kwataka mambo mawili: mtu ajue kwamba asemalo si kweli, tena akusudie mwenzake aliamini. Mwezi wa Aprili 2017, taarifa ya uhakiki iliyotolewa Tanzania iliwataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Sasa mtu aliyeghushi cheti kweli alijua alilolitenda, na alikusudia wengine waamini. Kijana wetu hakughushi herufi moja. Majibu yake katika mtihani aliyaandika mwenyewe, na maswali ya waliomwajiri aliyajibu kwa kinywa chake. Hata kama waliompima walikosea, kosa hilo ni lao. Haliwezi kugeuka kuwa uongo wake. Neno "bandia" halimfai, hata siku ile atakapoulizwa jambo asilijue. Kutojua ni jambo moja, na kudanganya ni jambo jingine, na kuyachanganya hayo mawili ndiko mwanzo wa taabu yote.

Pili tuulize: cheti chasema nini hasa? Wengi hudhani chasema kwamba mwenye kukishika amekwisha kujua. Hakisemi hivyo. Mwanafunzi wa udaktari katika Tanzania husoma miaka 5 chuoni. Akiisha kufaulu, hapana budi afanye mwaka mmoja zaidi wa kazi kwa vitendo hospitalini, chini ya macho ya waliomtangulia, ndipo asajiliwe kabisa. Nchi haikuuweka mwaka huo kwa sababu yawashuku vijana wake. Iliuweka kwa kuwa yajua kwamba yako mambo ambayo hayafundishiki ila kando ya kitanda cha mgonjwa. Mafundi wetu wamelijua hilo toka zamani. Seremala alimpokea mwanagenzi, akampa randa, akamwacha apige ubao mpaka mikono izoee. Wala hakuna aliyemwita mwanagenzi mwongo kwa kuwa mbao zake za kwanza zilipinda. Cheti ni ushuhuda kwamba mtu aweza kuanza, na anayekisoma kama ushuhuda wa kumaliza amejitwika mzigo ambao hakuna aliyemtwika.

Hapo twafika mahali penye hatari, na ndiyo sababu hasa ya kuliandika jambo hili. Hofu ya kuonekana mdanganyifu, isipoangaliwa, yaweza kumfanya mtu awe mdanganyifu kweli.

Hebu tumfikirie mganga kijana katika zamu ya usiku. Ameletewa mtoto mwenye homa kali, na dawa anayotaka kumpa hupimwa kwa kilo za mwili wake. Amepiga hesabu, naye ana shaka nayo. Hatua chache tu toka hapo yuko muuguzi wa makamo, aliyewatibu watoto wa namna hiyo miaka mingi. Kumwuliza ni kazi ya dakika moja. Lakini moyo wamwambia: ukiuliza, watajua kwamba hujui. Basi anakaza uso, anaandika, na mkono wake unajifanya kuwa thabiti. Saa ile, na saa ile tu, amekuwa kile kile alichokiogopa: mtu anayejifanya kujua asichokijua. Tena atakayelipa si yeye, ni mtoto.

Ndivyo ilivyo kwa mhandisi kijana anayetia sahihi vipimo vya nondo ambavyo hakuvielewa, kwa mhasibu anayepitisha hesabu kwa kuwa aona haya kuuliza safari ya pili, na kwa mwalimu mpya anayemtungia mwanafunzi jibu badala ya kusema, "Nitalitafuta, nikujibu kesho." Wote hao walianza bila hatia, haya ndiyo iliyowapeleka kwenye kosa. Kwa hiyo twasema kwamba neno "sijui, nionyeshe", likisemwa kwa wakati wake, ni wajibu wa kila aliyekabidhiwa maisha au mali ya watu. Tena ndilo neno linalompambanua mwenye haki na mlaghai. Aliyeghushi cheti hawezi kulisema kwa amani, maana kila swali aulizalo laweza kumfichua. Mwenye haki aweza, maana hana la kufichuliwa. Wazee wamesema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi twaongeza kwamba asiyeuliza kwa hofu ya aibu huifanya aibu yake kuwa kubwa kuliko uhai wa mwenzake.

Wako watakaosema: Lakini je, kujidharau si unyenyekevu, na unyenyekevu si jambo jema? La, hivyo sivyo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, alisema juu ya mtu mwenye roho ndogo, yaani yule anayejihesabu kuwa anastahili machache kuliko anayostahili kweli. Alisema kwamba mtu huyo hajijui, na kwamba hujitenga na matendo bora kana kwamba si ya watu kama yeye. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliifuata fikira hiyo, akaihesabu roho ndogo kuwa kosa, kwa kuwa mwenye nayo hukataa kutenda yaliyo ndani ya uwezo wake. Unyenyekevu ni kujiona jinsi ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Mizani inayopunja ni mbovu, hata ikimpunja mwenye duka mwenyewe.

Tena wako watakaosema kinyume: Basi kijana na ajiamini, afukuze shaka yote, na mambo yatakwisha. Hilo nalo twalikataa. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapima wanafunzi katika mambo kama mantiki na sarufi, kisha wakawauliza kila mmoja ajikadirie. Wale walioshika mkia walijidhani kuwa juu ya wastani. Waliofanya vizuri kuliko wote walijikadiria chini ya nafasi yao ya kweli, kwa kuwa walidhani kwamba jambo lililokuwa jepesi kwao lilikuwa jepesi kwa wengine pia. Debe tupu haliachi kuvuma, na lililojaa hudhani kwamba madebe yote yamejaa. Kwa hiyo kujiamini si ushahidi wa kujua, wala hofu si ushahidi wa kutojua. Moyo haukuumbwa kuwa mizani ya kupimia kazi.

Mizani ya kazi ni kazi yenyewe, pamoja na ushuhuda wa wanaoijua. Je, hesabu zalingana? Je, wanafunzi wameelewa? Je, msimamizi mwenye macho makali ameipitia kazi akaipitisha? Haya yaweza kuonekana na kuandikwa. Na ikiwa kazi yenyewe yaonyesha upungufu, huo si ufunuo wa aibu. Ni orodha ya mambo ya kujifunza. Ikiwa mtu amefundishwa, akasaidiwa, akapewa muda, na bado hawezi, basi ukweli wamtaka akiri na kuomba kazi nyingine inayomfaa. Hilo nalo ni tendo la mwungwana. Lakini na ahukumiwe kwa mizani ya haki, si kwa mnong'ono wa usiku.

Hata hivyo tusimtupie kijana mzigo wote. Iko hofu ambayo mtu huzaliwa nayo rohoni, na iko nyingine ambayo hupandiwa na watu. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika huko Marekani kwamba si haki kuwaambia wanawake wanayo kasoro ya nafsi, hali mahali pa kazi penyewe ndipo panapowatilia shaka kila siku. Neno hilo latuhusu sisi pia. Mwanamke mhandisi afikapo penye ujenzi, akaulizwa mhandisi yuko wapi, shaka yake ameitoa wapi? Mtoto wa mkulima, wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu, asikiapo wenzake wakiuliza ni nani aliyemshika mkono, atajionaje? Na katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya kawaida hufundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Wangapi wamekwenda kazini wakiamini kwamba hawana akili, na kumbe wamekosa maneno tu ya lugha ya pili? Kuteleza ulimi si kuteleza akili. Mkuu wa kazi anayemcheka kijana kwa lugha yake asishangae kijana huyo akinyamaza siku atakapoona mtambo unavuja.

Hapo yafaa tukumbuke jambo la nchi. Mwalimu Julius Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Yeye mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 39. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi mwezi wa Juni 1966, Gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa hajatimiza miaka 34, wala hapakuwa na gavana aliyemtangulia ambaye angemwuliza jinsi ya kukikalia kiti kile. Hatusemi kwamba watu wa kizazi kile hawakuogopa. Mambo ya mioyoni mwao hatuyajui. Twasema tu kwamba kama wangalingoja mpaka wajione wametimia, ofisi zingalibaki tupu. Walijifunza kazi wakiwa kazini, wakauliza, wakakosea, wakasahihisha.

Basi kwa wazee wa kazi twatoa ombi. Msiwasimulie vijana ushindi wenu tu. Wasimulieni na mwaka wenu wa kwanza. Daktari mkuu akimwambia mwanafunzi wake, "Mimi nami jambo hili lilinitatiza," amempa dawa ambayo haiuzwi dukani. Na anayeuliza asichekwe, maana ofisi inayocheka maswali huvuna makosa yaliyofichwa.

Na kwako, kijana uliyeanza kazi mwaka huu, twasema hivi. Uwe na daftari, uandike kila juma ulilolifanya na lililotoka humo. Siku ya shaka usome maandishi, usisikilize mnong'ono. Usifiwapo na mtu anayeijua kazi, usimgeuze kuwa mjinga ili ubaki na hofu yako. Sema asante, uendelee. Mtafute mwenzako mmoja mwaminifu umwambie hofu hiyo, na usistaajabu akikujibu kwamba yeye nayo anayo. Na usipojua, uliza leo, kabla kalamu haijagusa karatasi. Kiti hicho umepewa, hukukiiba. Waliokupa hawakukutaka uwe umekwisha kujua yote; walikutaka uwe mkweli, na ukweli huo huanza kwa kusema unachokijua na usichokijua.