Ufa Ulio Ndani ya Bawa

Ndoo yenye ufa husema kweli siku ya kwanza itiwapo maji. Bawa la ndege lina tabia nyingine. Likiisha kufungwa kwa ribiti, yaliyomo ndani yake huwa siri ya aliyeliunda, na siri hiyo yaweza kukaa miaka mingi bila ya kudai neno. Kwa hiyo mtu anayejiundia ndege nyumbani hukutana na swali ambalo fundi wa ndoo ameepushwa nalo: kasoro isiyoonekana na mwingine ni mali ya nani?

Katika Marekani watu wa kazi hii ni wengi. Chama chao, Experimental Aircraft Association, kiliasisiwa na Paul Poberezny mjini Milwaukee mwaka 1953. Sheria ya nchi hiyo huwaruhusu, madhali sehemu kubwa ya ndege imeundwa na watu kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Tena muundaji mkuu aweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka. Basi mtu mmoja huwa fundi, mkaguzi na rubani.

Ubavu wa bawa hukatwa katika bati la alumini lenye unene wa milimita 0.6 au 0.8 hivi. Hubanwa baina ya kalibu mbili za mti mgumu, kisha kingo zake zilizotokeza hulazwa kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo, hata zifanye pembe mraba. Kingo hizo ndizo zitakazopokea ribiti na kushika ngozi ya bawa. Bati halipendi kulazwa. Likiachwa hurudi nyuma, na kwa sababu hiyo kalibu huchongwa kwa mshazari wa nyuzi chache ili ukingo upitishwe kidogo kuliko pembe inayotakiwa. Ncha ya kalibu nayo huviringwa, maana alumini ngumu ikikunjwa kwa ghafula hupasuka mgongoni. Pale ubavu ulipobinuka kwa nje, ukingo huwa na bati la ziada, nalo hufanya makunyanzi ambayo fundi huyakusanya kwa koleo yakawa mikunjo midogo baina ya matundu ya ribiti. Pale ulipobonyea kwa ndani, au katika duara la tundu la kupunguza uzito, mambo ni kinyume: bati huvutwa kupita urefu wake, na hapo ufa huzaliwa. Aghalabu huanzia katika mkwaruzo ambao tupa na msasa viliusahau, au katika mstari uliochorwa kwa msumari mahali pa kalamu ya wino.

Na afikiriwe mtu aliyekwisha kumaliza mbavu kumi na tisa. Wa ishirini una mstari mwembamba kuliko unywele. Usiku umekuwa mwingi, na bati lililosalia halitoshi ubavu mwingine. Je, mstari ule ni ufa, au ni mkwaruzo? Wengi hudhani kwamba jaribu la uaminifu huja baada ya jibu kujulikana. Yamkini huja kabla yake. Mtu anayetamani kumaliza hausogezi ubavu karibu na taa, wala hatafuti kioo cha kukuzia; huuona mkwaruzo kwa sababu mkwaruzo ndio aliouomba. Hakumdanganya mtu bado, ila ameyakataza macho yake yasimletee habari.

Husemwa kwamba roho ni yake, naye ana haki ya kuihatarisha. Hoja hii si dhaifu, na sheria yenyewe huielekea. Lakini ndege ina kiti cha pili. Mbele ya kiti hicho hubandikwa onyo kwamba ndege hii haikuundwa na kiwanda na haikutimiza kanuni za usalama za ndege za kawaida. Abiria asomaye onyo hilo na kuketi huikubali hatari ya jumla. Hakuukubali ufa wa ubavu wa ishirini, kwa kuwa hakuambiwa.

Wala majaribio ya kuruka hayamfunulii. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilivunjika hewani, baada ya safari nyingi zilizokwisha salama. Chanzo kilikuwa uchovu wa metali. Ufa hauna haraka. Waweza kumsubiri hata mnunuzi ambaye jina lake halijajulikana.

Chama kile kina washauri wa kujitolea, waundaji wazoefu, ambao huja kutazama bawa kabla halijafungwa. Desturi hiyo ni njema kuliko kanuni nyingi. Hata hivyo mshauri huja alipoitwa, na hutazama kilicho mezani. Ikiwa mstari ule umekwisha kupakwa rangi ya kuzuia kutu, ataona ubavu mzuri wa kijani, atausifu, na kwenda zake.