Kuandika si Kutenda

Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo twawafundisha watoto wetu kuandika kila shilingi iingiayo na itokayo. Lakini je, daftari likiisha kuandikwa vema, wajibu umekwisha?

Huko Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2016 jengo la kutunzia majalada ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofanya kazi Arusha hata ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Kati ya mashahidi waliofika mbele ya mahakama hiyo alikuwamo Jenerali Roméo Dallaire, aliyekuwa mkuu wa askari wa kulinda amani nchini Rwanda.

Tarehe 11 Januari 1994 jenerali huyo alipeleka waraka New York. Alieleza kwamba mtu mmoja yu tayari kumwonyesha mahali palipofichwa silaha, na kwamba Watutsi wa Kigali wanaandikwa majina, naye anahofu ni kwa ajili ya kuwaangamiza. Alikusudia kwenda kuzitwaa silaha hizo. Akajibiwa kwamba jambo hilo lapita mamlaka aliyopewa. Amjulishe Rais wa nchi na mabalozi. Hivyo waraka ulipokewa, ukajibiwa, ukatiwa katika jalada. Mwezi Aprili mauaji yakaanza, na kwa muda wa siku 100 hivi watu wapatao 800,000 wakauawa.

Basi mtu atauliza: karatasi hizo zina faida gani? Twajibu: zina faida kubwa. Pasipo waraka ule, wakubwa wangaliweza kusema, "Hatukujua." Karatasi haikuwaokoa wafu, lakini imewaondolea walio hai udhuru. Mwaka 1999 tume iliyoundwa na Umoja wa Mataifa wenyewe ilitamka wazi kwamba Umoja ulishindwa, na waraka huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wake.

Jambo hili latuhusu sisi sote. Mwalimu aandikaye kwamba mtoto fulani huja shuleni na majeraha, na katibu wa kijiji aandikaye kwamba jirani ametishiwa kuuawa, wamefanya vema. Lakini wamefanya nusu tu ya kazi. Tuandike kwa kweli, hata yale yatushtakiyo sisi wenyewe. Kisha tuyafunge madaftari, tuinuke, twende kwa yule aliye hatarini angali hai.